Mtia Taa wa Chumba cha Mashine

Chombo kikisifiwa, husifiwa umbo lake, mwendo wake, pengine rangi na jina lililoandikwa ubavuni. Chumba cha mashine hakisifiwi na mtu. Kiko chini, upande wa shetri, kimefunikwa kwa mbao mbili tatu ambazo abiria hukaa juu yake asijue amekalia nini. Zikifunuliwa, hewa ya moto yenye harufu ya dizeli humpiga mtu usoni, na macho yaliyotoka kwenye jua la saa sita hayaoni humo ila kiza na mng'aro wa oili. Basi humo ndimo yanamoanzia mengi yanayomkosesha nahodha usingizi: mkanda kukatika, chujio la dizeli kuziba, mpira wa maji ya chumvi kuchomoka, maji kupanda ngamani kidogo kidogo pasipo mtu kujua mpaka mashine ianze kuyarusha.

Ninayetaka kumsifu ni yule anayetia taa humo. Simsemi fundi mashine. Yeye hana haja ya sifa zangu, maana akipita bandarini Malindi, Unguja, manahodha humwamkia kabla hajafungua mdomo, kila mmoja akijua kwamba kesho atamhitaji. Namsema fundi umeme wa boti, anayekuja na mkoba wa nyaya, koleo la kubania na taa za LED zisizozidi kiganja, akazama mle nusu mwili, miguu nje, asitoke mpaka adhuhuri. Akitoka huulizwa swali lile lile: taa mbili tatu tu, mbona umechukua asubuhi nzima? Yeye hucheka, akaomba maji ya kunywa. Mimi nitajaribu kumjibia.

Kabla ya taa hizo kila mtu alikuwa na njia yake. Kulikuwa na tochi ya kushika kwa meno, inayomfanya fundi adondoshe udenda juu ya mashine na kutoa amri ambazo msaidizi wake hazielewi. Kulikuwa na simu iliyoegeshwa juu ya betri, ambayo aghalabu huishia ngamani. Njia mbaya kupita zote ni ya kumpa kijana kurunzi amulike, kwa sababu mwenye kurunzi humulika anapotaka kuona yeye. "Mulika hapa!" "Hapa wapi, ami?" "Hapa ninapotazama!" Na kijana wa watu atajuaje mtu anatazama wapi, ilhali kageuziwa kisogo? Ugomvi huu nimeusikia katika vyombo vingi, na sijasikia hata mara moja kijana akipewa haki yake.

Walikuwapo pia waliotia balbu za gari. Balbu ya breki huwa ya wati 21. Tia tatu, umepata wati 63, na kwenye umeme wa volti 12 hizo hunyonya ampea tano na robo. Chombo kikitia nanga mashine imeharibika, na fundi akahangaika nayo kwa muda wa saa kumi, balbu hizo zimekwisha kula nusu ya betri ya ampea-saa 100. Alfajiri mashine imetengenea, lakini betri haina moto na stata haizunguki. Uchungu zaidi ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya umeme huo haikugeuka mwanga, iligeuka joto, tena ndani ya chumba ambacho kilikuwa na joto la kutosha na ziada. LED tatu za wati tatu tatu hutoa mwanga wa kufanyia kazi kwa robo tatu ya ampea, yaani ampea-saa saba na nusu kwa muda ule ule. Wavuvi wa dagaa wa visiwani walilitambua hili mapema; wengi waliweka karabai pembeni wakahamia taa za LED na betri, na baadhi ya vijana waliokuwa wakirekebisha taa zile ufukweni ndio leo wanaoitwa kwenye mashua na boti za faiba. Kwa hiyo suala la taa gani halina ubishi tena. Ubishi uko katika kuitia wapi, na hapo ndipo fundi anapotengana na mtu mwenye bisibisi tu.

Nahodha wa mashua moja ya mizigo iendayo Pemba alimwambia fundi mbele yangu: "We nitilie taa moja kubwa hapo mlangoni, bwana, yatosha. Mambo ya kutoboa toboa chombo changu siyataki." Fundi hakubishana naye. Aliitoa taa kubwa mkobani, akaishikilia pale pale mlangoni na kuiunga kwa waya wa muda. Chumba kizima kikajaa mwanga, nahodha akatabasamu.

"Haya, nahodha. Sasa ingia ufungue chujio la dizeli."

Nahodha akashuka, akainama, akanyoosha mkono, na chujio likapotea. Kichwa chake, mabega yake na kitambaa alichojifunga kichwani vilikuwa baina ya taa na kazi, na kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimelala juu ya kitu kile kile alichokuwa akikitafuta. Akasogea kushoto, kivuli kikamfuata. Akasogea kulia. "Ala!" akasema, na humo ndani sauti yake ilisikika kama ya mtu aliyeonewa. Fundi akaizima ile taa. Akachukua mbili ndogo, moja akaishika kwenye taruma la kulia na nyingine akampa kijana wake aishike kwenye taruma la kushoto, chini ya usawa wa macho, zikitazamana kwa mshazari. Mwanga ulikuwa hafifu kuliko ule wa kwanza, hilo lilionekana wazi. Lakini chujio lilikuwapo, na skrubu ya kutolea hewa juu yake, na chini yake tone la dizeli lililoning'inia bila ya kuamua kuanguka. Nahodha alilitazama tone lile kwa muda. Nadhani lilikuwa likidondoka tangu msimu wa kaskazi, na hakuna aliyepata kuliona.

Muuza taa hupima mwanga, mtia taa hupima kivuli. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya kazi yake haina waya hata mmoja. Hulala ubavu kama atakavyolala fundi mashine, akapeleka mkono kwenye kijiti cha oili, akaupeleka kwenye pampu ya maji ya chumvi, akajipenyeza mpaka nyuma pale shafti inapotokea nje na maji kudondoka kwa ada yake, na kila mahali huuliza: mwili wa mtu utakuwa upande gani, na kivuli chake kitaangukia wapi? Nimemsikia akimwuliza fundi mashine, "Wewe spana hushika mkono gani?" Nikadhani ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Mwenzake akajibu kwamba yeye ni wa shoto, na papo hapo alama ya chaki iliyokuwa karibu na alternata ikafutwa na kuhamishiwa ng'ambo ya pili.

Zaidi ya hapo, huangalia mbao zenyewe. Ubao uliokunywa mafuta ya sifa na oili kwa miaka hunywa na mwanga pia. Unaweza kumimina humo mwanga wa uwanja wa mpira na bado ukaona kiza. Kabla ya kutia taa, fundi mwenye msimamo hudai chumba kisafishwe na kupakwa rangi nyeupe. Wenye vyombo hukasirika, wanasema wameita fundi umeme hawakuita mpaka rangi. Lakini kopo moja la rangi nyeupe huokoa taa moja au mbili, kwani kila ubao unageuka kuwa taa ya pili, na juu ya weupe huo oili mpya haina pa kujificha. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuingizwa kichwa chini katika chumba cha mashine.

Kuona humo si kuona umbo tu, ni kuona rangi. Fundi mashine huusoma ugonjwa kwa rangi: oili iliyochoka ni nyeusi, maji ya rejeta yaliyotiwa dawa huwa ya kijani au ya waridi, kutu ina wekundu wake, na oili iliyoingiliwa na maji hugeuka kama chai ya maziwa, na hapo mwenye chombo huanza kuhesabu fedha. Sasa weupe wa LED si weupe wa jua, na sababu iko katika historia yake. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, alitengeneza LED iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Buluu yenye nguvu haikupatikana mpaka karibu miaka thelathini baadaye, kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wa Japani, waliotunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Ilisubiriwa sana kwa sababu bila ya buluu hakuna nyeupe: taa nyingi nyeupe tunazonunua ni chembe ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano, na macho yetu huzichanganya rangi hizo mbili yakaziita nyeupe. Unga ukiwa hafifu, buluu hushinda. Wekundu na hudhurungi hufa, kutu na oili zikawa kitu kimoja cha kijivu. Mwanga ni mkali, na bado mtu hajui anachokitazama.

Fundi ninayemzungumzia hachagui taa kwa ukali. Ana kitambaa kichafu mkobani, chenye doa la oili, doa la grisi nyekundu na kipande cha msumari wenye kutu kilichofungwa pembeni. Dukani huomba kila taa iwashwe juu ya kitambaa hicho. Wauzaji wa sokoni Darajani wamemzoea, wengine humdhihaki. Yapo maboksi yanayoandikwa kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, ambapo 100 ni sawa na mwanga wa kawaida tuliouzoea, 80 inaridhisha na 90 ni nzuri kweli. Lakini taa za bei ya chini mara nyingi haziandiki lolote, na kitambaa kile husema zaidi ya boksi.

Liko jambo la joto, ambalo watu hulielewa kinyume. Kwa kuwa LED haimwunguzi mtu mkono kama balbu, hudhaniwa kwamba inastahimili joto. Kumbe ndiyo inayoliogopa. Chembe yake hupata joto mgongoni, na joto hilo lisipopata pa kwenda mwanga hufifia mwezi hadi mwezi. Boksi huandika saa 50,000, idadi ambayo haikupimwa juu ya bomba la moshi la dizeli inayovuma njia nzima kutoka Unguja hadi Pemba. Hewa ya chumba cha mashine hufika nyuzi 50 na kupita, na joto hupanda juu. Kwa hiyo mahali panapomvutia kila mtu, yaani katikati ya dari, ndipo pabaya zaidi. Pembeni na chini kidogo, mgongo wa alumini ukiwa umegusa hewa inayoingia, taa huishi. Tena LED haifi ghafla ikamshtua mwenyewe. Hupungua taratibu, na mwenye chombo huanza kudhani macho yake ndiyo yanayozeeka.

Nimefika kwenye nyaya, na hapa msomaji anivumilie, maana hapa ndipo ninapoipenda kazi hii.

Waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba, hauna kazi katika chombo. Mashine hutikisa kila kitu saa zote, na shaba ya uzi mmoja hukubali kutikiswa kwa muda, halafu hukatika ndani ya ganda lake, nje hakuna dalili. Hata waya wa nyuzi nyingi hautoshi ukiwa ni shaba tupu. Niliwahi kuonyeshwa waya uliotolewa katika boti kuukuu: nje ulikuwa mwekundu, mzima, unateleza. Fundi akaupasua kwa kisu toka mwisho mmoja. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga mweusi wenye kijani, na unga huo ulipanda chini ya ganda urefu wa mkono mzima, kwa sababu chumvi huingia pale waya ulipokatwa na kunyonywa ndani na nyuzi zenyewe. Kwa hiyo yeye hutumia waya ambao kila uzi umepakwa bati. Ukiuchuna unang'aa kwa weupe wa fedha, na bei yake humtoa mtu jasho.

Viungio huvibana kwa koleo, hachomi risasi. Wengi wetu tulikulia tukiamini kiungo kilicholehemiwa ndicho madhubuti. Katika redio iliyo juu ya meza, ndiyo. Katika chombo kinachotikisika risasi huufanya waya kuwa mkavu kama fimbo mpaka pale inapoishia, na pale inapoishia ndipo unapokatika. Kiungo kilichobanwa vizuri huacha waya unyumbuke. Juu yake huvishwa mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani; ukipata moto wa kiberiti cha gesi husinyaa na gundi ikachungulia pande zote mbili kwa duara jembamba. Fundi hulitazama duara hilo pande zote. Lisipotimia hukata kiungo na kuanza upya, na kijana wake huvuta pumzi ya wazi ya kukata tamaa.

Kisha lile pindo. Waya haupandi moja kwa moja kuingia kwenye taa. Hushushwa kwanza chini ya taa, ukapinda kidogo kama unataka kwenda kwingine, halafu ndipo ukapanda. Mtu asiyejua huona uzembe, waya umeachwa unalegea. Lakini maji yanayoteremka kwenye waya, na humo maji huteremka kila siku, hufika kwenye pindo lile na kudondoka, hayapati njia ya kupanda na kuingia ndani ya taa. Taa inaweza kuwa imeandikwa IP67, maana yake vumbi haliingii na inavumilia kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa. Fundi husema nusu saa ni ndogo, na hukunja pindo lake.

Njia yote waya hushikizwa kila sentimita 45 hivi, mbali na mkanda, mbali na bomba la moshi, juu ya mahali ngama inapofikia chombo kikilala upande. Skrubu zake huingia kwenye taruma, haziingii kwenye ubao wa nje. Katika faiba hugundisha kipande cha ubao kwanza akakipiga skrubu hicho, maana hakuna aibu kama ya fundi umeme aliyetoboa chombo. Na waya wa hasi haushikizi kwenye mashine kwa kuwa tu chuma kiko karibu. Anaurudisha mpaka kwenye betri. Umeme unaopotea katika chuma kilicho majini hula shaba ya vali na ya rafadha polepole, na siku vali ikimung'unyika hakuna atakayekumbuka taa.

Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri, si karibu na taa. Fyuzi inaulinda waya. Waya ukichubuka njiani na kugusana, ni kipande kilicho baina ya betri na fyuzi ambacho hakina mlinzi, kwa hiyo kipande hicho kiwe kifupi kadiri inavyowezekana. Taa zisizofika ampea moja zinatosheka na fyuzi ya ampea tatu. Lakini nimeona fyuzi za ampea thelathini, na nimeona karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ikifanya kazi ya fyuzi, mwenyewe akijisifu kwamba tangu aitie haijaungua. Ni kweli, haiwezi kuungua kabla ya chombo.

Swichi nayo ina utata wake. Swichi hutoa cheche ndogo kila inapobonyezwa. Katika boti yenye mashine ya petroli ndani, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa na kulala ngamani. Kwa hiyo swichi haiwekwi chini. Dizeli haina balaa hiyo kwa joto la kawaida, na vyombo vyetu vingi vyenye mashine ya ndani ni vya dizeli, basi watu hujiona wamesalimika. Wanasahau betri. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ni nyepesi na hukusanyika juu chini ya mbao, na ikifika asilimia nne tu ya hewa inaweza kulipuka. Kwa hiyo swichi haiwekwi juu pia. Inatoka nje kabisa, mahali ambapo mkono wa nahodha unaipata gizani bila ya kupapasa. Ziko swichi zinazowasha taa zenyewe mara kifuniko kinapoinuliwa, na wateja wa boti za watalii huzipenda mno. Mimi sizipendi. Kifuniko kikikaa vibaya usiku mmoja, taa hukesha.

Taa zenyewe ziwe za kukubali volti 10 mpaka 30. Betri inaitwa ya volti 12, lakini alternata ikichaji hufika 14.4, na stata ikivuta volti huporomoka. Taa dhaifu huungua katika la kwanza na kupepesa katika la pili. Umeme wa jenereta wa volti 240 wengine huupendelea kwa kuwa taa zake ni rahisi kupatikana. Huko LED mbovu humeta mara 100 kwa sekunde, na puli yenye mikono minne inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inaweza kuonekana imesimama tuli. Mtu akaipelekea mkono.

Juu ya taa nyekundu mafundi hawajakubaliana. Macho yakishazoea kiza huchukua nusu saa hivi kurudia hali hiyo baada ya kupigwa na mwanga mweupe, na nahodha aliyechungulia mashine kisha akarudi kwenye usukani huwa kipofu wa muda, mbele yake madau ya wavuvi yasiyo na taa. Mwanga mwekundu haumharibii macho kiasi hicho. Lakini chini ya mwanga mwekundu waya mwekundu na mweupe ni ndugu, na damu ya kidole kilichokatwa haionekani. Suluhisho analolipenda fundi wangu ni taa nyeupe zenye kitufe cha kupunguza, zikapunguzwa mpaka zitoshe kusoma kijiti cha oili tu. Nakubaliana naye, ingawa kitufe hicho ni kitu kingine cha kuharibika.

Ikija kwenye malipo, wenye vyombo huhesabu taa. Taa tatu, kila moja bei yake dukani inajulikana, ongeza kidogo cha ufundi. Waya uliopakwa bati hawauoni, umeshafichwa nyuma ya mataruma; pindo wanaliona na kudhani limesahauliwa. Asubuhi iliyokwenda katika kulala ubavu na kupapasa hewa haiwezi kuandikwa katika risiti. Wengine hupunguza bei kwa kisingizio cha ile rangi nyeupe. Fundi hukubali mara nyingi mno kuliko ninavyotaka mimi.

Yule nahodha wa Pemba alikuwa ameshatoa fedha mfukoni, amezishika mkononi, mbao za kifuniko zinasubiri kurudishwa, na maji ya bamvua yameanza kukinyanyua chombo. Fundi akamwomba aifungue redio ya VHF, chaneli ya 16. Redio iliachwa ivume, halafu kitufe cha kukata mvumo kikazungushwa mpaka ilipotulia tu, si zaidi. Taa ndogo zina sakiti ndani ya kudhibiti umeme, na sakiti iliyotengenezwa ovyo hutoa mawimbi yake yenyewe, yanayofika hadi kwenye megahezi 156.8 za chaneli hiyo ya kuitia msaada. Jeshi la Ulinzi wa Pwani la Marekani lilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2018, baada ya kupokea taarifa za redio kushindwa kupokea pale taa za LED zilipokuwa zikiwaka. Kijana akawasha taa ya kushoto. Kimya. Akawasha ya kulia, na redio ikarudia kuvuma.

"Lakini inawaka, fundi," nahodha akasema.

"Inawaka, nahodha. Ila ukiitwa hutasikia."

Nahodha akatazama maji, akatazama mzigo wake wa vitunguu, akazirudisha fedha mfukoni. Fundi alikuwa ameshaingia tena mle ndani, miguu nje, anafungua skrubu.